Mdomo Uliokufa Ganzi Baada ya Kung'olewa Gego

Magego ya mwisho, ambayo wengi huyaita meno ya akili, huchelewa kuota. Hutokea mara nyingi kati ya miaka 17 na 25, wakati taya limekwisha kujaa meno mengine. (Akili inayotajwa hapo ni ya umri tu; tunawajua wenye busara nyingi wasioota hata gego moja la namna hiyo.) Likikosa nafasi, gego hilo hulala ubavu ndani ya mfupa, likaumiza ufizi na kuliozesha jino la jirani. Basi mganga wa meno hulitoa, na baada ya juma moja au mawili kidonda hufunga.

Lakini wako wachache ambao kidonda chao hupona, na mdomo usipate fahamu. Dawa ya ganzi wanayochomwa hudumu saa chache, ikaisha. Kama kesho yake nusu ya mdomo wa chini na kidevu ingali kama ubao, sababu si dawa tena. Mtu hunywa chai, ikamchuruzika kidevuni asijue. Hunyoa ndevu, akaona damu kabla ya kusikia uchungu. Mama humbusu mtoto wake, akamsikia kwa upande mmoja tu. Hayo si mambo madogo, wala si haki kumwambia mgonjwa anyamaze kwa kuwa jino limekwisha kutoka.

Ndani ya taya la chini umo mfereji mwembamba, na katika mfereji huo hupita neva, yaani mshipa wa fahamu, upelekao ubongoni habari za meno, mdomo na kidevu. Mizizi ya gego la mwisho hukaa juu yake, na pengine huugusa. Neva ya pili hupita upande wa ulimi, karibu na ufizi. Hiyo ikiumia, nusu ya ulimi hufa ganzi na ladha ya chakula hupungua. Zote mbili ni neva za kusikia, si za kuendesha viungo. Ndiyo sababu mgonjwa aweza kutabasamu na kupiga mluzi, na akijitazama katika kioo haoni kasoro. Mdomo uliopinda ni ugonjwa mwingine. Tena wanaobaki na ganzi daima ni wachache sana, kwa kawaida hawafiki 1 katika 100.

Mwaka 1943 tabibu Mwingereza Herbert Seddon alizigawa ajali za neva katika daraja tatu. Katika ya kwanza neva imebanwa tu, nyuzi zake ni nzima. Fahamu hurudi baada ya siku au majuma machache. Katika ya pili nyuzi za ndani zimekatika, lakini ala inayozifunika imebaki. Katika ya tatu vyote vimekatika.

Hiyo ya pili ndiyo itakayo subira. Mwaka 1850 Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, akaona kwamba sehemu iliyotengwa na asili yake huharibika yote. Hivyo uzi mpya hauna budi kuota tokea mahali pa jeraha, ukiifuata ala ya zamani kama kunde ziufuatavyo mti. Huenda milimeta 1 hivi kwa siku. Kama njia ni ya sentimeta 6, hesabu ni siku 60, tena safari haianzi siku ile ile ya jeraha.

Namna fahamu irudivyo ilichunguzwa kwa njia ya ajabu na tabibu Henry Head wa London. Mwaka 1903 alikubali kukatwa neva ya ngozi katika mkono wake wa kushoto, kisha ikashonwa. Kwa muda wa miaka minne akawa anasafiri mpaka Cambridge kwa rafiki yake W. H. R. Rivers, akifumba macho huku Rivers akimgusa kwa pamba, kwa sindano, kwa vyombo vya baridi na vya moto. Uchungu ulitangulia kurudi, lakini ulikuwa mkali na usio na mahali halisi: akichomwa hapa, alisikia mbali. Mguso mwororo wa pamba ulikawia sana. Hatuwashauri wasomaji kumwiga, ila mwenye mdomo wa ganzi atautambua utaratibu huo.

Katika vita, mwaka 1915, Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann, kila mmoja kwa upande wake, waliandika kwamba neva inayoota ikigongwa, mgonjwa husikia kama sisimizi wakitambaa. Basi sisimizi hao wakianza kutembea mdomoni, asiogope; mara nyingi ni nyuzi changa zinazofika.

Afanye nini wakati wa kungoja? Arudi mapema kwa mganga aliyemng'oa, maana pengine kipande cha mzizi kinaibana neva. Mganga atapima kwa pamba na sindano na kuandika mpaka wa ganzi, ili mwezi ujao ionekane kama umepungua. Chakula cha moto akipime kwanza kwa upande mzima, asije akaungua wala kujitafuna. Kuchanja mdomo kwa wembe au kuupaka dawa za sokoni hakuamshi neva. Vidonge vya vitamini B hutolewa na wengi, lakini uthibitisho wa nguvu zake hapa ni mdogo. Miezi 3 ikipita pasipo badiliko lolote, au ukizidi uchungu wa kuunguza, aombe kupelekwa kwa mpasuaji wa neva, kwa maana neva iliyokatika huweza kushonwa chini ya darubini, na kukawia hupunguza faida. Yule ambaye kidevu chake kimekufa ganzi bila kung'olewa jino lolote asingoje hata kidogo. Aende hospitali, kwani huenda ni dalili ya ugonjwa mkubwa.

Naye ambaye gego lake lingali mahali pake aombe kwanza picha ya eksirei, aulize kama mizizi inaugusa mfereji. Ikiwa inaugusa, na jino si bovu, pengine mganga ataweza kukata kichwa chake tu na kuiacha mizizi ndani ya mfupa.