Mkono Uliosahauliwa Baada ya Kiharusi

Wengi wetu tunaye nyumbani au jirani mtu aliyepatwa na kiharusi. Mwezi huu tuuangalie mkono wake uliolegea.

Wodini kwetu alikuwapo bibi mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani miezi mitano. "Huu umekufa, wanangu," alituambia. Tulimwomba ajaribu kufungua vidole, vikafunguka kidogo. Yeye mwenyewe alishangaa.

Siku za kwanza ubongo umeumia, na mkono kweli unakataa. Mgonjwa anashika kikombe, kinaanguka, watu wanamkimbilia. Basi mkono mzima unachukua kazi zote. Baadaye nguvu kiasi zinaweza kurudi, lakini akili ya ndani imekwisha kushika kwamba mkono ule haufai, wala haiutumi tena. Mgonjwa hajui kwamba ameacha kujaribu. Tusimwite mvivu.

Mtaalamu wa Marekani, Edward Taub, aliliona jambo hili kwa tumbili. Waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja waliacha kuutumia. Mkono mzima ulipofungwa, wakautumia ule mbovu. Mwaka 2006 yalitangazwa huko matokeo ya utafiti wa wagonjwa 222 wa kiharusi. Waliovishwa glavu nene mkono mzima karibu mchana kutwa, kwa wiki mbili, huku wakifanyishwa mazoezi ya mkono dhaifu, walipata nafuu kuliko wenzao, na baada ya mwaka nafuu ilikuwapo bado.

Njia hii humfaa mwenye vidole na kifundo vinavyocheza japo kidogo. Mkono usiocheza kabisa haufai kulazimishwa. Muulizeni kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, na msimfunge mtu mkono akiwa karibu na moto au akitembelea fimbo. Ila kazi ndogo za kukaa mpeni: kuchambua maharage, kufuta meza, kukunja kanga. Na mumngoje. Hapo ndipo penye shida, hata kwetu wauguzi. Zamu ya asubuhi ni rahisi kumlisha mgonjwa kuliko kungoja kijiko kifike mdomoni.

Bibi yule alianza kwa kupukuchua mahindi. Siku ya kwanza zilitoka punje kumi na moja. Mkwewe alizihesabu.