Watoto wachezee nini kwa mikono yao?



Mama mmoja wa kambi alituletea dispanseri kijana wake wa miaka 3. Siku nane mtoto alikuwa akitoka kamasi nzito yenye harufu mbaya, lakini tundu moja tu la pua. Mama alifikiri ni mafua, akampa vidonge vilivyobaki vya kaka yake. Sasa mjue: mafua hutoka matundu yote mawili. Tundu moja likitoa usaha unaonuka, sisi waganga tunauliza kwanza: mtoto ameingiza nini? Tulimulika taa, tukavuta kipande cha sponji, kadiri ya punje ya mahindi, kimevimba na kuoza. Kaka zake walikuwa wamekata godoro la zamani ili kuchonga motokari, na mdogo akachezea mabaki.

Sikuja kuwagombeza wale kaka. Motokari yao niliiona: kamioni ya mgodi, magurudumu ya sponji, nzuri kweli. Mtoto anayechonga na kufinyanga anazoeza vidole vyake, navyo ndivyo vitashika kalamu masomoni. Kwa hiyo msikataze mchezo. Angalieni kile anachoshika.

Sponji ni ya watoto wakubwa, na mabaki yafagiliwe papo hapo. Hivyo hivyo kwa ile plastiki nyeupe nyepesi inayofunga redio kwenye katoni: inavunjika kuwa chembe ndogo, zinazoingia puani, masikioni, hata kwenye pumzi. Udongo wa dukani uliochanganywa na chembe hizo, mtoto chini ya miaka 3 asipewe. Na kitu kikiingia puani, baba asichokoe kwa kijiti cha kibiriti. Atakisukuma ndani zaidi. Leteni mtoto dispanseri siku ile ile.

Wengine wanayeyusha sponji juu ya mbabula ili ishikane. Hapana! Moshi wake una sumu, pamoja na monoksidi ya kaboni. Baba wanaofanya kazi chini ya ardhi wanajua kwa nini tunangoja moshi wa baruti utoke mbele ya kurudi mahali pa kazi. Gesi ile ile haina ruhusa ya kuingia jikoni.

Basi wafinyange nini? Udongo wa kichuguu ni mzuri, unashikana sana. Ndiyo sababu watu wanachoma matofali nao. Lakini uchukuliwe mbali na kiwanda, mbali na marundo ya mabaki ya madini, mbali na mto unaopokea maji ya kuoshea mawe. Mwaka 2018 waganga wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza uchunguzi wao wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambapo watu walikuwa wamechimba kobalti kati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wenyeji, na watoto walizidi watu wazima. Mtoto anacheza chini, kisha anaweka vidole kinywani. Baba pia, viatu na nguo za kazi zisiingie mahali watoto wanapocheza.

Kwa mvua, kuna unga wa kuchezea. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kijiko 1 cha mafuta, na maji ya vuguvugu kidogo kidogo, karibu kikombe 1. Kanda mpaka usishike mikono. Mafuta ya mawese yataupa rangi ya machungwa bila kununua kitu. Najua mama atasema: unga ni wa kula! Ni kweli. Chukua basi ule ulioingiwa na wadudu, uchunge. Mtoto asiule, maana chumvi yake ni nyingi mno na itamtapisha.

Hata huko Marekani, Play-Doh inayouzwa dukani tangu 1956 ilianza kama kitu cha kusafishia masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za kuta. Watu walipoacha kuwasha moto wa makaa, biashara ilianguka, mpaka mwalimu wa watoto wadogo alipowapa wanafunzi wake wafinyange.

Wape wadogo wapige bukari na samaki za kuuza sokoni. Wakubwa wafinyange herufi za majina yao, au mbao ya kisolo yenye mashimo yake, ikauke kivulini siku chache. Ikiwekwa juani inapasuka. Baba akirudi kazini aonyeshe jinsi kamioni inavyomwaga mawe. Dakika kumi zinatosha, mtoto atamaliza mwenyewe.

Unga uliobaki ufungwe katika kopo lenye kifuniko. Ukiota ukungu, tupeni, mkande mwingine. Mikono ioshwe kwa sabuni mbele ya chakula.