Bilioni 300: Jina Moja, Idadi Mbili Mpakani Bunagana

Makala haya yanachunguza idadi 300,000,000,000, yaani tatu ikifuatwa na sifuri kumi na moja, kama inavyojitokeza katika historia ya fedha ya Kongo, pamoja na utata wa istilahi unaoambatana nayo.

Idadi hiyo ilitokana na mabadiliko mawili ya sarafu. Mnamo Oktoba 1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za awali. Mwaka 1998, faranga ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000, yaani laki moja. Milioni tatu zikizidishwa kwa laki moja, faranga moja hulingana na zaire za awali 300,000,000,000.

Kihisabati, idadi hii ni kubwa lakini muundo wake ni sahili. Ikichanganuliwa kwa namba tasa, ni 2¹¹ × 3 × 5¹¹. Kila kipeo kikiongezwa moja, kisha matokeo yakazidishwa (12 × 2 × 12), hupatikana vigawo 288. Hivyo hugawanyika sawasawa kwa 3, 8 na 125. Kwa kuwa 3 imo mara moja tu, haigawanyiki kwa 9. Na ikigawanywa kwa 7, hubaki 1.

Ugumu umo katika jina. Kiswahili kilipata elfu kutoka Kiarabu na laki kutoka lugha za Bara Hindi, na maneno hayo hayana utata. Kuanzia milioni, majina yametoka Ulaya, ambako mifumo ya kuhesabu inatofautiana. Nchini Uganda, kama ilivyo Kenya na Tanzania, bilioni ni 10⁹. Katika Kifaransa, lugha rasmi ya Kongo, 10⁹ huitwa milliard, na billion ni 10¹².

Mifumo hiyo hukutana Bunagana, mji wa mpakani wenye jina hilohilo pande zote mbili: Rutshuru katika Kivu Kaskazini, na Kisoro nchini Uganda. Idadi ambayo upande mmja ni bilioni 300, kwa hesabu ya Kifaransa ni milliard 300. Anayehamisha neno bilioni bila kulifasiri huikuza idadi mara elfu moja.

Kosa hilo laweza kujificha. Mwaka 1967, zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000 za wakati huo. Kwa hiyo faranga ya 1998 ni sawa na faranga 3 × 10¹⁴ za kabla ya 1967, nazo kwa Kifaransa ni billion 300. Basi “bilioni 300” ni jibu sahihi kwa zaire upande mmoja, na kwa faranga za zamani upande wa pili. Neno peke yake halimwonyeshi msomaji ni hesabu ipi iliyokusudiwa.

Kutokana na hayo, mfasiri wa mikataba au hati za forodha hana budi kuandika tarakimu kamili kando ya neno, au kubainisha mwanzoni kwamba bilioni ni 10⁹. Usanifishaji wa istilahi za namba hautakamilika iwapo utazingatia tahajia na kuacha thamani.