Sheria na Utawala: Elimu Mbili, Kazi Moja

Pale Koni, karibu na Likasi, maji ya mto Lufira hufanya kazi mara mbili. Kwanza huzungusha mitambo ya Mwadingusha, iliyoanza kazi mwaka 1930. Kisha hushuka na kuzungusha mitambo ya Koni, iliyoanza mwaka 1950. Vijana wa sehemu hizo wamalizapo shule ya sekondari hutuuliza: tusome sheria, au tusome utawala? Sisi twawajibu: mwenye uwezo na asome zote mbili.

Shauri hili si geni. Nchi yetu ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, mbali na mabaraza ya kimila hapakuwa na hakimu Mkongo hata mmoja. Wakongo waliokuwa wakuu wa ofisi za serikali walihesabika kwa vidole. Ndipo mwaka 1961 kilipofunguliwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, Chuo cha Taifa cha Sheria na Utawala, ili mahakimu na watawala wafundishwe pamoja. Mwaka 1971 chuo hicho kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Sheria ikafundishwa Kinshasa, na sayansi ya utawala Lubumbashi. Leo zote mbili zapatikana Lubumbashi, lakini kila moja ina kitivo chake.

Hasara ya kuzitenga ni nini? Tutazame sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018. Yaagiza kwamba katika kila 100 ya mrabaha, 50 iende serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa mji, sekta au uchifu ambamo madini yachimbwa, na 10 iwekwe akiba kwa vizazi vijavyo. Mwanasheria asiyejua utawala ataweza kuidai ile 15, lakini hatajua kuipangia matumizi wala kuitunzia hesabu. Naye mtawala asiyejua sheria ataandika hesabu safi za fedha pungufu, asitambue kwamba watu wake wamepunjwa. Aumiaye ni mama asiye na zahanati, na mtoto aketiye chini darasani.

Njia ni ndefu, hatuwafichi. Kwetu shahada ya kwanza ni miaka 3, na ya uzamili ni miaka 2 zaidi. Huko Marekani, sheria ni miaka 3 na uzamili wa utawala miaka 2. Lakini vyuo kadhaa huziunganisha zikamalizika kwa miaka 4, kwa kuwa baadhi ya masomo huhesabiwa pande zote mbili. Kijana wetu aanzaye na sheria aulize mapema kitivo cha utawala kitamdai nini baadaye.

Nanyi wazazi, msihesabu karo na miaka tu. Jiulizeni pia: siku barua ya serikali ifikapo kijijini, ni mtoto wa nani atakayeisoma, akaielewa, akaijibu?