Wasiwasi wa Mama Anayekaribia Kukoma Hedhi

Saa tisa za usiku mama wa miaka arobaini na saba huamka ghafla. Moyo unamwenda mbio, shuka imelowa jasho, na hofu imemjaa kifuani ingawa watoto wamelala salama na hakuna aliyebisha hodi. Kukicha huwakaripia watoto kwa jambo dogo, kisha hujuta. Majirani hunong'ona kuwa amerogwa. Mumewe huona amekuwa mkali. Naye mwenyewe huogopa kuwa anarukwa na akili.

Mara nyingi mama huyo hakurogwa wala hana wazimu. Ameingia katika miaka ya kuelekea kukoma hedhi. Wanawake walio wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55, lakini mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla yake. Homoni ya estrojeni haishuki taratibu, bali hupanda na kushuka ovyo. Na kwa kuwa hufanya kazi katika ubongo pia, usingizi na utulivu huvurugika.

La kwanza ni kwenda kituo cha afya, kwani upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo na ya moyo huleta dalili zinazofanana na hizo. Mimba nayo isisahauliwe: hedhi inayorukaruka si dalili kwamba uzazi umekwisha.

Wako wapatao nafuu bila dawa. Kahawa na chai nzito zipunguzwe, hasa jioni, na pombe iachwe. Kutembea kwa miguu kila siku na kulala kwa saa zile zile husaidia. Mazungumzo nayo ni tiba. Huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 akina bibi waliofunzwa huketi bencini penye zahanati, wakawasikiliza wenye mawazo mengi na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko wenzao.

Wengine huhitaji dawa, na hilo si aibu. Sertralini au fluoksetini huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, wala zisikatizwe ghafla. Diazepamu hutuliza upesi, lakini mwili huizoea. Isinunuliwe dukani kiholela. Tiba ya homoni yaweza kumfaa mama anayesumbuliwa pia na joto la ghafla, ila kwa kawaida haimfai aliyeugua saratani ya matiti. Daktari ndiye wa kuamua pamoja naye.

Mume asimdhihaki mkewe, bali amsindikize. Na mama anayewaza kujidhuru apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mama aliyekwisha kuzaa alilijua hilo ujanani, asilisahau sasa.