Folda Inapokataa Kunakiliwa: Ruhusa za Faili Kati ya Diski Mbili

Kompyuta ya ofisi ya wadi imechoka na mpya imeletwa. Diski ya zamani imechomekwa kwenye kompyuta mpya ili faili zinakiliwe. Kazi inaenda vyema hadi inapofika folda ya maombi ya basari. Hapo Windows inasema mtumiaji hana ruhusa. Baya zaidi, folda hiyo inaweza kuonyesha ukubwa wa sifuri, na karani akadhani haina kitu. Diski ya zamani ikifutwa siku hiyo, maombi ya wanafunzi yamekwenda nayo.

Mara nyingi diski haijaharibika. Diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa NTFS huweka, kwa kila folda, orodha ya wanaoruhusiwa kusoma, kuandika au kufuta. Orodha hiyo haitambui watu kwa majina bali kwa namba ndefu, ambayo kwa akaunti za kawaida huanza na S-1-5-21. Ni sawa na kitambulisho cha taifa: watu wawili wanaweza kuitwa jina moja, lakini namba zao hazifanani. Kwa hiyo akaunti ya “Karani” kwenye kompyuta mpya ni mgeni kwa folda za “Karani” wa zamani, hata nywila ikiwa ileile.

Dawa ni kubadilisha mwenye folda. Msimamizi wa kompyuta abofye folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, afungue Properties, kisha Security, kisha Advanced. Palipoandikwa Owner pakionyesha namba tupu badala ya jina, achague Change, aweke akaunti yake, na atie alama ya kubadilisha pia folda za ndani. Baada ya hapo aipe akaunti inayonakili ruhusa ya kusoma. Hiyo inatosha.

Wengi, kwa haraka, huchagua Everyone na kuruhusu kila kitu. Folda hufunguka kweli, ila kwa yeyote anayeifikia kompyuta hiyo. Fomu za basari zina majina ya watoto na hali ya kifedha ya wazazi, taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka zilindwe. Flashi za FAT32 au exFAT nazo hazihifadhi orodha ya ruhusa kabisa; anayeiokota anasoma. (FAT32 pia hukataa faili ya GB 4 au zaidi, na hilo si suala la ruhusa.)

Kwa folda nyingi, Robocopy inayokuja na Windows ni bora kuliko kuburuta kwa kipanya:

robocopy D:\Basari E:\Basari /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Bila /R na /W, programu hii hurudia faili iliyokataa mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na mtu anaweza kurudi asubuhi akaikuta palepale. Kosa namba 5 kwenye ripoti ni la ruhusa. Namba 32 maana yake faili imefunguliwa kwingine, basi ifungwe tu. Chaguo la /MIR litumiwe kwa uangalifu mkubwa, kwani hufuta kwenye diski inayopokea chochote kisichopo kwenye diski ya mwanzo.

Kubadilisha mwenye folda hakusaidii faili zilizosimbwa, ambazo Windows huzitia alama ndogo ya kufuli. Ufunguo wake uko kwenye akaunti ya zamani. Diski irudishwe kwenye kompyuta yake, mtumiaji aingie kwa akaunti hiyo na kuondoa usimbaji kabla ya kunakili.

Diski ya zamani isifutwe hadi safu ya FAILED mwishoni mwa ripoti isome sifuri, na faili kadhaa za kila folda zifunguliwe kwenye kompyuta mpya na kusomeka.