USIPIME JUA KWA JOTO

Mkazi wa Nairobi akishuka Mombasa huvaa kofia na kulalamikia jua kali. Akirudi nyumbani, hulisahau kabisa. Huko ni kukosea, kwani joto na jua ni mambo mawili tofauti.

Vituo vya hali ya hewa hupima jua kwa saa. Kifaa cha tangu karne ya 19 ni tufe la kioo linalokusanya miale na kuunguza kadi. Urefu wa alama huonyesha jua liliwaka muda gani. Kwa mwaka, Mombasa hupata karibu saa 3,000, Nairobi takriban 2,500 na London kama 1,600. Nairobi yenyewe hupata wastani wa saa 9 hivi kwa siku mwezi wa Januari, lakini Julai, mawingu yakitanda, hupata 4 hivi.

Hata hivyo, saa hizo hazikuelezi nguvu ya jua. Kinachoathiri mwili ni miale ya urujuanimno, ambayo huioni wala huihisi kama joto. Nguvu yake hutegemea jua liko juu kiasi gani angani. London, kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, jua hukaa chini mno hivi kwamba ngozi haiwezi kutengeneza vitamini D ya kutosha. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna shida hiyo. Isitoshe, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na miale hii huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Upepo wa baridi hauipunguzi.

Mbona basi watoto wa Nairobi hupatwa na matege? Ni kwa sababu jua la angani halimfikii mtoto anayeshinda ndani ya ghorofa na yaya. Kumweka dirishani hakusaidii. Kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani. Maziwa ya mama, ijapokuwa ndiyo bora kwa mtoto mchanga, yana vitamini D kidogo.

Mzazi, chunguza haya: mtoto amechelewa kuota meno, kukaa au kutembea, vifundo vya mikono vimevimba, miguu inapinda. Ukiona dalili hizo, mpeleke kwa daktari mapema. Matege yakitibiwa mtoto angali mdogo, aghalabu miguu hunyooka bila upasuaji.

Kinga si ghali. Mtoe mtoto nje mara kadhaa kwa wiki, mikono na miguu ikiwa wazi, mathalan kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi. Usimwache kwenye jua la adhuhuri. Julai usimfungie ndani mwezi mzima. Miale hupenya mawingu mepesi.

Kwa sababu iyo hiyo, mtu mwenye ualbino asiache kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua eti kwa kuwa kuna baridi. Saratani ya ngozi haingoji joto.

Kipimo rahisi unacho tayari. Simama nje utazame kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua ni kali, hata kama umevaa sweta.